Mwaka Niliopika Mkojo

Mama mkwe wangu alinifumania jikoni saa kumi na mbili asubuhi nikipika mkojo. Sitafuti neno la adabu zaidi, kwa sababu hata siku ile sikulipata. Aliuliza, "Mwalimu, unapika nini mapema hivi?" Nami, mwenye mimba ya miezi minne na hasira za kuamka, nikamjibu, "Mkojo wangu." Kisha nikarudi kuangalia sufuria.

Ilikuwa sufuria ndogo ya zamani, maji yanachemka, na katikati yake umesimama mrija wa kioo wenye dawa ya buluu na matone manane ya kile nilichokitaja. Hospitali ndiyo iliyonipa vifaa vyote isipokuwa sufuria. Mkojo ukiwa hauna sukari, dawa inabaki buluu. Ukiwa na sukari kidogo inageuka kijani, halafu manjano, halafu rangi ya chungwa, na mambo yakiharibika kabisa inakuwa nyekundu kama tofali. Nilitakiwa kupika hivyo asubuhi na jioni, niandike rangi kwenye daftari, kisha nijidunge sindano ya insulini pajani. Mama mkwe alisimama mlangoni, mkono mdomoni, mpaka buluu ikageuka manjano mbele ya macho yake. Akaondoka kinyumenyume bila kuaga. Kabla kengele ya shule haijalia, nilikuwa nimeshakuwa mchawi.

Sikumlaumu sana. Mimi nilikuwa mtu wa kuja. Kwetu ni Nunguni, milimani huko upande wa Makueni, na nilikuwa nimeolewa Kitui, karibu na Kabati, ambako nilifundisha shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya sabini. Watu wa pale waliamini kila kasoro yangu imetokana na baridi ya Nunguni. Bwanangu alikuwa karani Mombasa na alikuja mwisho wa mwezi akiwa na mchele na maoni. Na chumbani kwangu kulikuwa na chungu kilichofukiwa nusu kwenye mchanga wenye maji, kwa sababu dawa ile inataka ubaridi na friji tuliziona kwenye magazeti tu. Ukiwa mwanamke uliyetoka mbali, una chungu kilichozikwa mchangani, una sindano ndani ya kitambaa, na alfajiri unapika mkojo, hata mimi ningejishuku.

Lakini kabla sijacheka sana, niseme kilichokuwa kimenipeleka kwenye sufuria ile. Hii haikuwa mimba yangu ya kwanza. Ya kwanza ilifika miezi tisa, na tumbo lilikuwa kubwa hadi akina mama wakawa wananisimamisha njiani kulisifu. Mtoto alizaliwa nyumbani, amekufa. Mkunga alimpima kwa mizani ya kupimia pojo, akapita kilo tano. Mimi nilikuwa nimepoteza damu na fahamu, na nilipozinduka kesho yake mama mkwe alikuwa ameshamwosha na kumzika. Waliokuja kunipa pole walitikisa vichwa wakasema, "Lakini kilo tano! Mtoto mkubwa namna hiyo!" Nilitamani kuwarushia kitu, sema sikuwa na nguvu.

Nilipopata mimba ya pili nilikwenda hospitali ya misheni mapema. Daktari aliposikia zile kilo hakusifu. Aliagiza mkojo na damu, halafu akanieleza kwamba nina ugonjwa wa sukari, na kwamba yule mtoto hakuwa mkubwa kwa afya. Sukari ya damu yangu ilikuwa imemlisha kupita kiasi mpaka ikamwua. Huyu wa pili angeweza kwenda njia hiyo hiyo nisipokuwa mkali na mdomo wangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na nia moja tu duniani, nayo ni kumtoa huyu akiwa hai.

Kumbe daktari alikuwa hajawahi kukaa na mama mkwe wangu.

Yeye alikuwa na elimu yake kuhusu kifo cha mjukuu. Mtoto mkubwa anataka chakula kikubwa, na mwalimu anakula kama kuku mgonjwa, basi mtoto amekufa njaa tumboni. Safari hii aliapa hilo halitatokea. Kila nilipotoka shule nilikuta ananingoja na uji wa mtama wenye sukari ya kusimamisha kijiko, ndizi mbivu, viazi vitamu, na chai ambayo nzi akianguka angekufa kwa raha.

"Mwaitu, asante, nimeshiba," ningesema. Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni mama yangu, na hivyo ndivyo nilivyomwita mama mkwe.

"Umeshiba nini? Chaki?"

Sasa, kuna jambo ambalo mtu wa Ukambani halihitaji kuelezwa, lakini wengine wavumilie. Kwetu chakula hakikataliwi hivi hivi. Ukikataa chakula cha mtu bila sababu ya maana, umemwambia mbele ya watu kwamba ameweka kitu ndani. Umemwita mwenye uoi, yaani mchawi. Ndiyo maana mwenye nyumba huonja kwanza, mbele yako, ndipo akupe. Kwa hiyo nilipokataa uji, mama mkwe alidhani nashuku, akaonja. Nikakataa tena. Akaonja tena, safari hii akameza kwa sauti ili nisikie. Tukaendelea hivyo, mimi nikikataa na yeye akithibitisha, mpaka kibuyu kikaisha. Akaondoka ameshiba na amekasirika.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia damu yangu ina sukari nyingi. Akasema, "Basi si ni vizuri? Si utazaa mtoto mtamu?" Nilimwambia daktari amekataza. Akauliza daktari amezaa watoto wangapi. Hapo alinishinda, kwa sababu daktari alikuwa kijana na hakuwa hata ameoa.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa siku aliponikuta na sufuria. Jioni yake alikuja chumbani, akakaa kitandani pangu bila kukaribishwa, akakitazama kile chungu kwa muda mrefu. "Kliniki yako ni lini?" akauliza. Nikamwambia Alhamisi. "Tutaenda pamoja. Nataka nisikie kwa masikio yangu mtu mzima akisema mkojo unapikwa."

Alhamisi alivaa gauni la kanisani na kofia yake ya sufu, joto lile lote. Kliniki ilikuwa na sista mmoja mnene, Mkamba mwenzetu, ambaye sauti yake ilisikika hadi kwenye mabati ya jiko la hospitali. Alimsikiliza mama mkwe akinishtaki kuanzia mwanzo, asimkatize hata mara moja, halafu akampa kikopo. "Nenda kaniletee wako." Mama mkwe alikwenda, kwa sababu sista yule alikuwa mtu wa kutiiwa. Wakapika wa kwake na wa kwangu pamoja. Wa kwake ulibaki buluu kama anga. Wangu uligeuka kijani.

"Mnaona?" mama mkwe akawaambia wajawazito wote waliokuwa kwenye benchi. "Mimi mzee ni msafi. Huyu mtoto ndiye mbaya!"

"Si mbaya, mama," sista akasema. "Ni sukari. Inapita kwa mkojo mpaka sisimizi wanaijua. Mgonjwa akienda haja ndogo pale nje, kesho unakuta sisimizi wamejaa. Kiu haiishi. Anakonda. Wengine kidonda cha mguu kinakataa kupona, mguu unaoza."

Mama mkwe aliacha kuwahutubia wajawazito. Alivua kofia yake akaishika mapajani. Njia nzima ya kurudi hakuirudisha kichwani, na nilianza kuogopa.

Tulipofika karibu na nyumbani, alisimama mkabala na boma la jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye marehemu mumewe alimwachia mizinga ya nyuki. Tangu niolewe niliambiwa jambo moja tu kuhusu boma lile, kwamba hatuli pale, hatunywi pale, hata moto hatuombi. Baba mkwe wangu alikufa kabla sijaja. Alikunywa pombe ya asali kwa jirani huyo siku moja, na baada ya hapo akaanza kukonda, akawa anakunywa maji mtungi mzima, na kidonda cha mguu kikamla taratibu hadi akafa. Na pale alipokuwa akikojoa nyuma ya zizi, sisimizi walijaa. Watu waliangalia sisimizi wale wakasema hii ni kazi ya mtu.

"Miaka kumi na moja," mama mkwe akasema akiangalia ule ua wa miiba. "Huyu mama aliniletea chakula wakati wa matanga, nikamwagia mbwa akiona."

"Basi twende tumsalimie," nikasema.

"Unaona miguu yangu ni ya nani? Nimechoka." Akaenda zake. Aibu ni mzigo mzito kuliko uchawi, na yeye alikuwa bado hajajua aushike wapi.

Alichojua ni kunishika mimi. Kuanzia siku ile alikuwa mtu mwingine kabisa, na ninakiri kwamba nilimpenda zaidi alipokuwa adui. Kwanza alitoa sukari yote nyumbani. Aligawa kilo mbili alizoleta bwanangu, akagawa asali, akagawa ndizi, hata peremende za kikohozi alizoficha kwenye kiondo chake cha kanisani. Aliacha kuweka sukari kwenye chai yake mwenyewe ili asinijaribu, na uso wake wakati wa kunywa ulikuwa adhabu kwetu sote. Pili, alichukua usukani wa sufuria. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amesuka viondo maisha yake yote na kupaka katani rangi kwa mizizi na magome, kwa hivyo rangi haikumpita. Mimi niliandika kijani, yeye alisema, "Hii ni ya parachichi bichi. Ya jana ilikuwa ya sukuma wiki. Umeteleza."

Na hakunong'ona. Nikiwa shuleni, kwenye mstari wa asubuhi, mwalimu mkuu yupo, watoto wamenyamaza wakingojea wimbo wa taifa, ningesikia sauti kutoka njiani: "Mwalimu! Leo umeamka buluu! Kula githeri yako!" Baada ya wiki mbili watu wa Kabati waliacha kuniuliza habari za asubuhi. Waliuliza, "Buluu?" Mwenye duka, fundi wa baiskeli, mzee wa kanisa. Nami nilijibu, maana ningefanyaje?

Siku moja shule ilinituma Kwa Vonza kwa mkutano wa walimu. Harufu ya mandazi sokoni pale ilinifuata hadi nikasalimu amri. Jioni mama mkwe aliinua mrija kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni tofali. Umekula nini?"

"Andazi."

"Mangapi?"

"Moja."

Akautazama mrija, akanitazama, akautazama tena. "Mwalimu, mrija hausemi moja."

Yalikuwa manne. Nililia usiku huo kwa hasira, maana nilijiona nimemtupia mtoto mawe kwa mkono wangu mwenyewe kwa ajili ya unga uliokaangwa. Mama mkwe hakunifariji. Aliniletea maji, akakaa hapo hapo mlangoni akisuka.

Nilipofika mwezi wa nane, mama mkwe aliona kwamba binadamu tumefanya kazi yetu na sasa ni zamu ya Mungu. Aliita kikundi cha akina mama wa kanisa waje nyumbani Jumamosi asubuhi waniombee, wakiwa wamefunga. Mimi sikutakiwa kufunga. Nilipika, ikawa buluu, nikajidunga sindano kama kawaida, na githeri yangu ya mahindi na maharagwe ilikuwa mekoni inangoja. Sindano ile ukishaipiga lazima ule, kwa sababu inateremsha sukari, na isipokuta chakula inakuteremsha wewe. Nilijua hilo. Lakini akina mama walifika mapema, wakaniweka katikati kwenye kigoda, wakafumba macho, na mama mmoja mwenye kipawa akaanza kuomba.

Alianzia Adamu. Nilijiambia nitakula akifika Nuhu. Alimpitia Nuhu, akakaa sana kwa Sara, akaingia kwa Hana, na mimi, mke wa watu na mwalimu mwenye cheti, niliona haya kuinuka katikati ya maombi yangu mwenyewe kwenda kutafuta githeri. Huo ndio ujinga mkubwa kuliko wote niliofanya katika mimba ile, pamoja na mandazi.

Yaliyofuata nilisimuliwa, na kila aliyekuwepo ana yake. Wote wanakubaliana kwamba nilianza kutetemeka. Jasho lilinitoka kama nimemwagiwa maji. Kisha nikaanza kusema maneno yasiyoeleweka na mtu, kwa sauti, macho yamegeuka. Akina mama walifurahi mno. "Roho ameshuka!" wakapaza sauti, wakaanza kupiga makofi na kuimba, na yule mwenye kipawa akaacha Agano la Kale kabisa. Mmoja aliapa alisikia nikitabiri mvua.

Mama mkwe alifungua jicho moja. Akanitazama kama anavyotazama mrija. Halafu akapiga kelele iliyokata wimbo: "Nyamazeni! Hii si Roho! Hii ni sindano!"

Sista alikuwa amemwambia siku ile ya kliniki. Akitoka jasho na kuongea ovyo, mpe sukari haraka, usingoje, anaweza kufa na mtoto wake. Mama mkwe alikimbia jikoni, na hapo jikoni ndipo alipokumbuka kazi nzuri aliyoifanya. Hapakuwa na sukari nyumbani kwetu. Hapakuwa na asali, ndizi, wala peremende. Aliwauliza wenzake, na wenzake walikuwa wamefunga, hawakuja hata na karanga. Duka lilikuwa Kabati, mwendo wa nusu saa.

Wanasema alisimama uani akizunguka mara mbili kama kuku. Kisha akapita kwenye ua wa miiba wa yule jirani. Sisemi mlangoni. Alipita kwenye miiba, gauni la kanisani likabaki vipande.

"Asali!" akapiga kelele. "Mwana wangu anakufa! Nipe asali!"

Jirani alikuwa anapepeta pojo. Hakuuliza swali. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha asali, na pale mlangoni akafanya kile ambacho mwanamke aliyesingiziwa uchawi kwa miaka kumi na moja lazima akifanye. Alichota kwa kidole, akaonja, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba amemeza. Halafu akachota tena ili aonje mara ya pili, kwa usalama.

"Wacha kuonja!" mama mkwe akamfokea. "Utaimaliza!"

Akakinyakua. Walirudi wawili, mama mkwe mbele na mwenye asali nyuma akishikilia shuka lake, wakanipaka ile asali ndani ya mashavu na kwenye ufizi, wakanipa iliyokorogwa na maji kidogo kidogo nilipoanza kumeza. Kitu cha kwanza ninachokumbuka ni nyuso mbili za wazee juu yangu, zote zina asali, na mtoto akinipiga teke la nguvu upande wa kulia. Niliuliza kama nimechelewa shule. Mama mkwe alikaa chini palepale, akaanza kulamba vidole vyake. Alilamba vyote kumi, polepole, jirani akiangalia, na watu wote wa kanisa wakiangalia. Kisha akamwambia, "Asali yako ni nzuri." Jirani akasema, "Nyuki wa mwaka huu wamejitahidi." Hawakusema zaidi ya hayo, lakini kesho yake walikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, pamoja kwenye sahani moja, na sukari ya robo kilo ikawekwa juu ya kabati letu kwa amri.

Daktari alinilaza hospitali wiki iliyofuata, na kabla ya siku zangu kutimia wakanianzishia uchungu, ili mtoto asipate nafasi ya kunenepa zaidi. Sitaeleza habari za uchungu. Mtoto wa kiume alitoka alasiri moja, na kwa muda mfupi hakulia, na muda ule mfupi ulikuwa mrefu kuliko miezi yote. Kisha akalia. Alipiga makelele kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Walimpima, wakamwangalia sukari yake, wakamnywesha maji ya glukosi kwa kijiko, wakamfunga blanketi.

Kilo tatu na kidogo. Akina mama waliokuja kumwona hawakuficha masikitiko yao. "Ni mzima, tunashukuru," mmoja akasema, "lakini ni kadogo, eh?" Nilimjibu neno ambalo mke wa mzee wa kanisa hajibiwi, na sijawahi kuomba msamaha.

Mama mkwe alikuja siku ya pili, saa ya wageni. Aliketi kwenye kiti, akamlaza mtoto mapajani, akamfungua blanketi lote kama mtu anayekagua kiondo kabla ya kukipeleka sokoni. Alihesabu vidole. Akamgeuza. Akakunja sikio lake kidogo kwa kidole, likarudi.

"Ana masikio ya ndugu yake," akasema.

Nilidhani anamsema ndugu wa bwanangu. Nikamwuliza ndugu yupi.

"Ndugu yake wa kwanza. Si mimi ndiye nilimwosha? Yalikuwa hivi hivi, yamejikunja huku juu. Na nywele nyingi, mpaka shingoni."

Nilikuwa nimeambiwa kilo tu. Miaka miwili, mtu yeyote aliyemtaja mtoto wangu alinitajia kilo zake. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba alikuwa na masikio, wala nywele, wala kwamba huyu alikuwa na ndugu. Nikamwambia mama mkwe asogeze kiti karibu, anieleze yote, mikono, miguu, rangi yake, alimfunga nguo gani. Akanieleza moja baada ya jingine, akinionyesha kwa huyu kila palipofanana, nami nililia bila kujificha mpaka sista akaja kusema saa ya wageni imekwisha.